Vishimo usoni: maswali ya wakazi wa Mwanza kuhusu makovu ya chunusi

Chunusi ziliisha zamani, mbona uso umebaki na vishimo?

Chunusi iliyozama ndani ya ngozi huleta uvimbe, na uvimbe huo huharibu kolajeni, yaani nyuzi zinazoishikilia ngozi. Kidonda kikipona nyuzi zikiwa pungufu, ngozi ya juu hubonyea. Ukitumbua kwa kucha, unausukuma uchafu ndani zaidi na kovu linakua. Tetekuwanga iliyokunwa hadi ikatunga usaha huacha alama za aina hiyo hiyo. Hata matundu kwenye nyuso za baadhi ya wazee wetu yalitokana na ndui, ugonjwa uliotangazwa mwaka 1980 kuwa umetokomezwa duniani.

Nimepaka krimu nyingi bila mafanikio. Nibadilishe ipi?

Kwanza jua unatibu nini. Simama karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu, kisha pitisha kidole. Alama nyeusi iliyo bapa ni doa. Hilo hufifia lenyewe kwa miezi, mradi usilichome na jua. Panapobonyea ni kovu. Hakuna krimu ya dukani inayojaza shimo, hata muuzaji aape vipi. Adapalini pamoja na benzoili peroksaidi, dawa mbili za chunusi za kupaka, huzuia chunusi mpya na huweza kupunguza vishimo kidogo, lakini kwa miezi mingi ya uvumilivu. Mjamzito asitumie adapalini.

Dada mmoja sokoni ananichanganyia dawa, na uso umeanza kung'aa. Niendelee?

Hapana, tafadhali. Huo ni mkorogo. Mara nyingi ndani yake mna steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe), haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi) au zebaki. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na kuna sababu: zebaki hupenya mwilini na kuumiza figo. Steroidi nazo hung'arisha uso wiki za mwanzo, halafu ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na chunusi zinafumka upya. Chunusi hizo mpya ndizo vishimo vya kesho. Inauma kumwona binti aliyekuja na vishimo vitatu akirudi na uso mzima umeungua. Kama umepaka muda mrefu, usiache ghafla peke yako. Mwone daktari akupangie namna ya kupunguza. Ndimu na dawa ya meno usoni nazo ziache, zinaunguza.

Hospitali wanafanya nini hasa?

Inategemea umbo la shimo. Vuta ngozi kidogo kwa vidole: likitoweka, ni kovu pana lililovutwa chini na nyuzi, na daktari anaweza kuzikata nyuzi hizo kwa sindano maalumu. Shimo jembamba lenye kina kama tundu la msumari hutiwa tone la asidi kali ndani yake tu, au hukatwa na kushonwa. Vishimo vingi visivyo na kina hutibiwa kwa sindano ndogondogo zinazoiamsha ngozi itengeneze kolajeni, au kwa leza, yaani mwali wa mwanga mkali. Huduma hizi hurudiwa mara kadhaa, zikipishana kwa wiki, na matokeo huonekana baada ya miezi. Tarajia vishimo vipungue. Anayekuahidi uso laini kabisa anakudanganya.

Ngozi nyeusi ina tahadhari zake. Leza au asidi ikitumiwa vibaya huacha madoa meusi kuliko kovu lenyewe. Na kama wewe au ndugu zako huota makovu yanayovimba, hasa kifuani au mabegani, mwambie daktari kabla hajagusa chochote. Usinunue kiroli cha sindano mtandaoni ujichome nyumbani.

Nianzie wapi hapa Mwanza?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa kwa daktari wa ngozi; Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda. Uliza gharama na kama bima inalipia, kwa kuwa matibabu ya makovu mara nyingi huhesabiwa kuwa ya urembo.

Ninaanika dagaa juani kutwa. Kuna haja ya kujikinga?

Ipo, na kubwa. Jua la huku hukoleza madoa na kufanya vishimo vionekane zaidi. Kofia pana au mtandio vinatosha kuanzia. Ukimudu, ongeza mafuta ya kuzuia jua.

Mwanangu ana miaka 15, chunusi zake ni kubwa na zinauma. Nisubiri zipite?

Usisubiri. Mpeleke mwezi huu, kabla hazijaacha kovu.