Mashine Husema Kuna Nini, Haisemi Nani Katia

Mgonjwa akipigwa sindano ya mofini hulegea, akasinzia. Mpige farasi dawa hiyohiyo, hatalala: atazunguka bandani, atapiga kwato, hatatulia. Mwili wake huipokea kinyume na wetu. Ndiyo maana miaka ya 1930 huko Marekani heroini, unga huuhuu uliotuharibia vijana mitaani, ilitumiwa kuwakimbizia farasi wa mashindano.

“Lakini Zanzibar hatuna mbio za farasi,” tunaambiwa sisi wa maabara kila tukizungumzia kupima damu ya farasi wa mbio kusaka dawa alizotiwa. Kweli hatuna. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alijifunza kupanda farasi udogoni mwake. Leo farasi tunaowaona ni wale wa kutembeza watalii ufukweni. Ila tuna ndugu na watoto wetu Oman na Dubai, na wapo wanaoshika kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, kwenye mazizi ya huko. Siku farasi akikutwa na dawa, saisi ni miongoni mwa wa mwanzo kuulizwa. Kwa hiyo makala haya namwandikia yeye kuliko mwenye farasi.

Vichangamshi vinavyosakwa ni kama kafeini, kokaini, amfetamini na efedrini; zamani hata striknini, ambayo ni sumu ya panya. Kathinoni iliyomo ndani ya mirungi nayo ni ukoo mmoja na amfetamini. Vyote humficha mnyama uchovu wake. Na farasi tayari amejaaliwa mengi: akitulia moyo wake hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika, mbioni hupita 200. Bandama yake ni ghala. Akianza kukimbia hujikamua na kumwaga chembe nyekundu za akiba mishipani, damu ikawa nzito. Ukimwongezea dawa juu ya hapo umeuziba mdomo ule uchovu ambao ungemsimamisha kabla moyo haujashindwa au mguu haujavunjika, na mgongoni kuna mtu.

Baada ya mbio daktari wa mifugo huchukua damu kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Mkojo pia hutakiwa, maana dawa nyingi hujikusanya humo na kuonekana kwa muda mrefu zaidi. Kuupata kunataka subira, na masaisi wanaijua siri yake: majani makavu safi chini, na mluzi. Mkojo husimulia kilichopita mwilini. Damu hukaribia zaidi kueleza kilichokuwa kikifanya kazi saa ileile ya mbio.

Sampuli hugawanywa mbili, A na B, zikafungwa kwa lakiri yenye namba, na mwakilishi wa farasi akatia saini kuwa ameshuhudia. Kwa utaratibu mzuri, mpimaji huletewa namba tu. Jina la farasi halijui. Mtaniwia radhi nikikawia hapa badala ya kukimbilia mitambo, lakini wakili mzuri hagombani na mashine. Huuliza: kichupa kililala wapi usiku ule? Ufunguo wa friji alikuwa nao nani? Mbona saa iliyoandikwa hapa haifanani na ya kule? Karatasi ikiwa na pengo, jibu la maabara haliwezi kusimama hata kama ni sahihi.

Maabara, damu huzungushwa kwa kasi mpaka chembe zikatuama chini, plazma, yale majimaji ya damu ya rangi ya manjano, ikabaki juu. Kipimo cha mwanzo ni kama kutupa jarife: mamia ya dawa hutafutwa kwa mkupuo mmoja. Kilichonaswa humo bado ni shaka tu. Kazi huanza upya kwa sehemu nyingine ya sampuli ileile, na safari hii inasakwa dawa moja. Kromatografia hutenganisha mchanganyiko, kila kitu kikatoka kwa wakati wake. Spektrometa ya tungamo huivunja molekuli na kupima vipande vyake. Pembeni hupimwa dawa yenyewe halisi ili kulinganisha. Wakati wa kutoka ufanane, vipande vifanane, na uwiano wa vipande hivyo nao ufanane. Kimoja kikikataa, hatutangazi. Mwenye farasi akipinga, kichupa B hufunguliwa, mara nyingi katika maabara nyingine.

Mitambo hii huona nanogramu moja ndani ya mililita moja ya damu, na hata chini ya hapo. Chukua kijiko kimoja cha sukari, gramu 4, ukikoroge katika maboza 400 ya maji, kila boza lita 10,000: ukolezo ni huo. Uwezo huo hunasa mwizi, na hunasa vilevile chakula kilichochafuka. Mwaka 1979 Uingereza farasi aitwaye No Bombs alipokonywa ushindi kwa sababu alikuwa amenyakua chokoleti ya Mars, na kakao ina theobromini, kichangamshi cha ukoo wa kafeini. Mwaka 2014 Estimate, farasi jike wa Malkia Elizabeth II, alishika nafasi ya pili kwenye mbio za Gold Cup huko Ascot, Uingereza, akaipoteza kwa mofini iliyotokana na chakula kilichochanganyika na mmea wa afyuni. Hakuna aliyemchoma sindano. Mnanaha nao ukivunwa pamoja na majani ya malisho huacha sumu zake, skopolamini na atropini, kwenye damu.

Basi wewe saisi, usikojoe bandani. Dawa yako ya mafua hutoka na mkojo, na farasi hula majani yaliyolowa. Kahawa inywe nje, mikono ioshwe kabla ya kushika lishe. Ukimpaka dawa ya kuchua, vaa glovu na uzitupe mbali. Mfuko wa chakula ulioukuta umefunguliwa usiutumie mpaka umeuliza. Na uwe na daftari: tarehe, saa, mfuko upi, nani kaingia bandani. Andika hata wenzako wakikucheka.

Wenzetu wa Pemba huuliza kama damu ya fahali wa mchezo wa ng'ombe nayo inapimika. Inapimika, ila ng'ombe hucheua, na vijidudu vya tumboni mwake huzivunja baadhi ya dawa kabla hazijaingia kwenye damu, kwa hiyo vipimo vya farasi huwezi kumvalisha yeye hivihivi. Kanuni iandikwe kwanza, na vichupa viwili vyenye lakiri viwe tayari kabla fahali hajaingia uwanjani. Damu iliyoganda ndani ya chupa ya soda, ikaletwa siku ya tatu baada ya ugomvi, hatuipokei.