Paul Simon hakuwaokota popote

Nimeisikia tena, na safari hii kwa mwalimu mwenzangu wa kwaya, mtu anayeandika solfa usiku kucha bila kukosea: “Ladysmith Black Mambazo? Si wale Paul Simon aliwaokota huko Afrika Kusini akawatoa?” Jamani.

Joseph Shabalala alianzisha kundi hilo la Kizulu, linaloimba bila vyombo, mwaka 1960. Kabla hata ya kurekodi, walishinda mashindano ya isicathamiya, uimbaji wa Kizulu wa sauti tupu, mpaka wakazuiwa kushindana: waje waimbe tu, zawadi wawaachie wengine. Albamu yao ya kwanza, Amabutho, ilitoka 1973 na kuuza hadi kiwango cha dhahabu. Graceland, albamu ya Simon, mwanamuziki wa Marekani, waliyoimba ndani yake, ni ya 1986. Hesabu mwenyewe. Simon aliwafungulia kumbi za Ulaya na Marekani, kisha akawatayarishia Shaka Zulu iliyowapa Grammy mwaka 1988. Hilo silipingi, ni jambo kubwa. Ila kuimba waliingia nako studio.

Nyuma ya neno “kuokota” kuna dhana nyingine inayoniudhi zaidi, kwamba anayeimba bila vyombo ni mtu aliyekosa hela ya kinanda. Wasabato wetu wanaijua vizuri kejeli hiyo. Basi tega sikio kwenye mgao wa sauti. Sisi kwenye kwaya tunapenda usawa: sauti ya kwanza wangapi, ya pili wangapi, ya tatu (tena) wangapi, na besi, sauti ya chini kabisa, wale waliobaki. Shabalala alipanga wanaume kama kumi hivi: kiongozi mmoja, alto mmoja, tena mmoja, na wote waliosalia besi. Besi saba! Mwalimu wa kwaya ya parokia akipanga hivyo ataitwa kwenye kikao.

Lakini hao saba ndio ngoma, ndio gitaa la besi, ndio kinanda. Na hawangurumi. Solomon Linda, mwimbaji wa Kizulu, na wenzake waliporekodi wimbo wa Mbube mwaka 1939 waliimba kwa nguvu. Isicathamiya ya mabweni ya vibarua ilikuja kulainika, wakanyata kwa vidole vya miguu huku sauti zikinyata nao. Besi yeyote anaweza kunguruma. Mpe noti ya chini, mwambie aimbe kwa upole, aishike baa nne za wimbo, atamke maneno pamoja na wenzake sita kama kinywa kimoja. Hapo ndipo utawajua.

Halafu kuna kushuka kwa sauti. Toa doh kwenye kinanda, kifunge, waimbe beti tatu, kifungue ugonge doh ileile. Mmeshuka, tena nusu noti nzima mara nyingine. Vitabu vinalaumu pumzi. Mimi nina mabesi wenye mapafu ya kupulizia moto wa tanuru na bado wanashuka, hasa mazoezi yakifanyika mara baada ya wali wa mchana. Siku hizi namshuku mi, noti ya tatu kuanzia doh. Mi wa kinanda yuko juu kidogo kuliko mi ambaye masikio hutulia naye watu wakiimba pamoja, kwa hiyo kila kodi (noti zinazoimbwa kwa pamoja) inapokolea vizuri, kuna aliyeshuka kidogo, na anayefuata anaanzia hapohapo. Je, hilo ni kosa? Kama wote wameshuka pamoja na kinanda kimefungwa, sina hakika. Kwenye mazoezi bado nafoka, maana nikinyamaza watazidi.

Besi wa aina hiyo hapatikani kwa tangazo. Ndiyo maana kundi lilijaa ndugu na binamu, watu waliozoeana pumzi. Headman, ndugu yake Joseph, alipouawa kwa risasi Desemba 1991, pengo halikuwa la jina tu jukwaani; ni sauti iliyong’olewa katikati ya ukuta wa besi, na ratiba za safari haziungoji msiba. Baadaye wakaingia wanawe Joseph. Wao ndio waliobaki na kazi baba alipostaafu, na baada ya kifo chake Februari 2020 kundi liliendelea kuzunguka.

Kizazi hicho kiliimba upya albamu ileile, Shaka Zulu Revisited, nayo ikapata Grammy mwaka 2018, bila Simon kwenye meza ya utayarishaji. Kwa sikio langu besi za ile ya kwanza, iliyotoka 1987, bado ni nzito zaidi. Vijana wangu wananibishia kila Jumamosi, na kusema kweli, wakizicheza zote mbili nikiwa nimefumba macho, kuna nyimbo nakosea.