Okidi Haitaki Udongo: Ufafanuzi kwa Wapandaji na Wasafirishaji

Malalamiko yanayofika kwenye meza yetu ya ukaguzi wa mimea siku hizi ni ya aina mbili: okidi (mmea wa maua ya mapambo) iliyooza mizizi, na okidi iliyozuiwa kuvuka mpaka kwa sababu ya kilichomo chunguni. Wengi hawaoni kwamba ni kosa lile lile: udongo.

Kuna mama mmoja alituletea okidi aliyoipanda kwenye udongo mweusi wa bustani, tena wenye samadi. Nilishika mzizi kwa vidole viwili nikauvuta kidogo. Ganda likachomoka kama soksi iliyolowa, kikabaki kiuzi chembamba mithili ya waya. "Lakini mtaalamu, huu ndio udongo wangu mzuri kuliko wote," akasema. Simlaumu, alijitahidi. Ila hili la kudhani kila chungu lazima kijazwe udongo tumelisema hadi sauti zimekauka.

Okidi nyingi zinazouzwa, kama Phalaenopsis, Cattleya na Vanda, asili yake ni kukaa juu ya matawi. (Mmea huu si kupe. Haunyonyi mti, umejishikiza tu.) Mizizi yake imevikwa velameni, tabaka kama sponji linalofyonza mvua upesi kisha likapigwa na upepo na kukauka. Likilowa mzizi huonekana kijani, likikauka huwa rangi ya fedha. Udongo huziba hewa, mzizi hukosa oksijeni na kufa, na kuvu wa kuozesha humalizia kazi.

Kwa Phalaenopsis iliyokomaa, tumia vipande vya magome ya msonobari vya sentimita 1 hadi 2. Miche hutaka vidogo zaidi. Vanda hata kikapu kitupu kinaitosha. Sfagnamu iliyokaushwa, aina ya kuvumwani wa vinamasi, hushika maji mengi mno, hivyo inamfaa anayesahau kumwagilia. Mwenye mkono mwepesi wa kumwaga maji aiache. Vaa glavu unapoishika, kwani inaweza kuwa na kuvu wa Sporothrix wanaopenya kwenye michubuko ya ngozi. Makumbi ya nazi yaloweke, mwaga maji, rudia tena na tena, maana huja na chumvi. Magome nayo huoza: baada ya kama miaka 2 huwa tope, na hapo unarudi kwenye udongo bila kujua.

Sasa utaratibu. Familia nzima ya okidi imo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, ulioanza kutumika mwaka 1975. Nyingi ziko kwenye orodha yake ya Kiambatisho cha 2, na okidi zote za jenasi ya Paphiopedilum ziko Kiambatisho cha 1, ambako masharti ni makali zaidi. Kifungu cha 8 kinazitaka nchi wanachama ziweke adhabu na kutaifisha mimea inayouzwa kinyume cha mkataba. Baadhi ya mahuluti (okidi chotara) yaliyozalishwa kitaluni yana msamaha, lakini wenye masharti. Ulizia kabla, usisubiri kuulizwa wewe. Kibali cha CITES hutafutwa kwanza, katika nchi mmea unakotoka. Cheti cha afya ya mimea ni hati nyingine kabisa, hutolewa baada ya ukaguzi, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Narudia: hakichukui.

Nchi nyingi hazipokei udongo, kwa kuwa hubeba minyoo fundo (minyoo midogo inayovimbisha mizizi), mayai ya wadudu na vimelea vya magonjwa. Mchanganyiko usio na udongo nao una masharti yake, yanayotofautiana nchi hadi nchi. Mara nyingi mmea husafiri mizizi ikiwa imeoshwa, mitupu. Tahadhari pia na nyuzi za makangaga yanayokua kama miti: jenasi ya Cyathea nayo imo CITES, kwa hiyo chungu kilichotengenezwa kwa nyuzi hizo chenyewe kinaweza kuhitaji kibali.

Na wale wanaotandaza magome juu ya udongo ili mkaguzi asiuone, tunaomba wasijisumbue. Mmea huchomolewa wote.