Georgios: jina la mkulima na dhana zinazolizunguka

“Joji, yaani Georgios, ni jina la Kiingereza.” Waingereza walilipokea tu, tena kwa kuchelewa: lilishika kasi kwao baada ya 1714, George wa Kwanza alipotoka Hannover kuja kutawala. Asili yake ni Kigiriki. *Ge* ni ardhi, *ergon* ni kazi, na *georgos* ni mkulima. Hata kabla ya Ukristo, Waathene walimwabudu Zeus, mungu wao mkuu, kwa sifa hiyohiyo ya Georgos. Aliyelisambaza duniani ni Mtakatifu Georgios, shahidi aliyeuawa kwa imani yake.

“Georgios na Yorgos ni majina mawili.” Dhana hii ndiyo inayovuruga nyaraka. Georgios ni umbo rasmi, la pasipoti na cheti. Nyumbani na mtaani mtu huyohuyo ni Giorgos. Herufi ya kwanza, gama, ikitangulia sauti *e* au *i* hutamkwa karibu na “y”, ndiyo maana wengine huandika Yorgos. Mshairi Giorgos Seferis, aliyepata Nobel mwaka 1963, alizaliwa Georgios Seferiadis. Ukimwita mtu, s ya mwisho huanguka: “Giorgo!” Kumwita “Giorgos!” humchekesha Mgiriki. Nalo Georgiou ni “wa Georgios”, na hutumika kama jina la ukoo. Anayejaza fomu asiligeuze kuwa Georgios akidhani anasahihisha.

“Gregory na Igor ni ndugu zake.” Sauti zinadanganya. Grigorios limetokana na kitenzi cha kukesha, na Igor lililetwa na Waskandinavia kutoka Ingvar. Ndugu wa kweli ni wengine, baadhi hata hawafanani naye: Yuri na Yegor wa Urusi, Jiří wa Ucheki, Jerzy wa Poland, György wa Hungaria, Jürgen wa Ujerumani, Jorge wa Hispania, Jirjis wa Waarabu, Giyorgis wa Ethiopia.

“Nchi ya Georgia imeitwa kwa jina la mtakatifu.” Wataalamu wengi hulirudisha kwenye Kiajemi, *gurj*, wenyeji husema Sakartvelo. Jimbo la Georgia la Marekani, hilo kweli ni la Mfalme George wa Pili.

“Sikukuu ya jina ni 23 Aprili daima.” Sikukuu ya jina ni siku ya mtakatifu, ambayo wenye jina lake husherehekea, na si daima 23 Aprili. Tarehe hiyo ikiangukia ndani ya Kwaresima ya Kiorthodoksi au siku yenyewe ya Pasaka, sherehe husogezwa hadi Jumatatu ya Pasaka. Mwaka 2024 ilikuwa 6 Mei. 2025, Pasaka ikiwa 20 Aprili, ilibaki mahali pake.