Kompyuta ya nyumbani haikuchimbii Bitcoin

Imani kwamba kompyuta ikiachwa inawaka usiku kucha itakuchimbia Bitcoin, sarafu ya kidijitali, haikuzuka hewani. Kuchimba ni kompyuta kushindana kubahatisha jibu la fumbo la kihesabu; inayoshinda huongeza bloku, yaani kifungu cha miamala, kwenye daftari la Bitcoin na kulipwa. Mwaka 2009 prosesa ya kawaida ilitosha kabisa, na bloku moja ya miamala ililipa Bitcoin 50. Mambo yaligeuka 2013, zilipoingia mashine zilizoundwa kwa kazi hiyo tu. Leo moja ya mashine hizo hubahatisha majibu zaidi ya mara trilioni 100 kwa sekunde. Prosesa ya laptop yako hata bilioni moja haifikishi. Malipo nayo yameshuka hadi 3.125 tangu Aprili 2024. Kadi ya michoro (GPU) je? Ilifaa kwa Ethereum, sarafu nyingine ya kidijitali, ambayo iliacha uchimbaji Septemba 2022. Na programu ya bure ya kuchimba, jihadhari nayo: nyingine humchimbia aliyeitengeneza, kwa umeme wako.