Kuomboleza kwa Matumaini: Yanayosemwa Msibani na Yaliyoandikwa

Anayekwenda kuhani msiba hapa kwetu huyajua maneno kabla hajafika. Turubai limefungwa uani, akina mama wameketi mikekani ndani, wanaume wako nje, kwaya inaimba, na kila anayeingia humshika mfiwa mkono na kumwachia sentensi moja: usilie, kazi ya Mungu haina makosa, yuko mahali pazuri, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Wanaoyasema wana upendo, na wengi wao wameacha shughuli zao na kutoa nauli ya mwisho ili wafike. Hata hivyo nimeketi katika misiba ya kutosha, ikiwemo ya nyumbani kwetu, kuona kwamba baadhi ya maneno hayo humwongezea mfiwa mzigo, kwa sababu humfanya aamini kwamba huzuni yake ni upungufu wa imani. Ninayaandika yafuatayo kwa ajili ya mfiwa huyo, na kwa ajili yetu tunaokwenda kumfariji.

“Mkristo wa kweli halii”

Dhana hii ndiyo iliyoota mizizi zaidi, na wanaoishikilia hutaja mstari wa Biblia, yaani 1 Wathesalonike 4:13. Paulo aliandika waraka huo yapata mwaka 50 au 51, kwa kanisa changa ambalo baadhi ya waumini wake walikuwa wamekufa kabla ya Bwana kurudi, na waliobaki wakaingiwa na hofu kwamba wenzao wamepitwa na ahadi. Akawaambia hataki wakose kujua habari za waliolala mauti, “msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini.” Mara nyingi msibani mstari huo hukatwa katikati, likabaki agizo la kutohuzunika, ilhali Paulo anazungumzia namna mbili za huzuni: ile isiyoona chochote ng’ambo ya kaburi, na ile inayolia huku ikingoja. Sura hiyo inamalizia kwa kuwaagiza wafarijiane kwa maneno hayo, na agizo la kufarijiana lisingekuwa na maana yoyote kama kanisani asingekuwepo mtu anayelia.

Tazama pia yaliyotukia Bethania, katika Yohana 11. Lazaro alikuwa kaburini siku nne. Yesu alikuwa amekwisha kuwaambia wanafunzi wake kabla ya safari kwamba anakwenda kumwamsha, kwa hiyo alijua kwa hakika kitakachotokea muda mfupi baadaye. Kama uhakika wa ufufuo ungekuwa unakausha machozi, hakuna aliyepaswa kuwa na macho makavu siku ile kuliko yeye. Lakini alipomwona Mariamu, dada yake Lazaro, analia, na waliofuatana naye wanalia, aliugua rohoni, kisha “Yesu akalia machozi.” Waliosimama pale hawakusema kwamba imani yake imetetereka. Walisema, “Angalieni jinsi alivyompenda.”

Kanisa la kwanza lilifuata njia hiyo hiyo. Stefano alipouawa kwa kupigwa mawe, akiwa ameiona mbingu imefunguka, Matendo 8:2 inasema watu watauwa walimzika na kumfanyia maombolezo makuu. Paulo naye, akiwaandikia Wafilipi kuhusu Epafrodito aliyeugua karibu na kufa, alikiri wazi kwamba Mungu alipomponya mgonjwa huyo alimhurumia na yeye Paulo, asipate huzuni juu ya huzuni. Huyo ndiye mtu yule yule aliyeandika, katika waraka huo huo, kwamba kwake kufa ni faida.

Mfano wa nje ya Biblia unaonigusa kuliko mingine ni wa Augustino, Mwafrika wa Kaskazini ambaye baadaye alikuwa askofu wa Hippo. Mama yake, Monika, alifariki mwaka 387 katika mji wa bandari wa Ostia, Italia, walipokuwa safarini kurudi Afrika. Augustino ameeleza mwenyewe kwamba mama alipokata roho, mjukuu wake, kijana Adeodato, aliangua kilio, na watu wazima wote wakamnyamazisha, kwa kuwa waliona haifai kumlilia mtu aliyekufa katika imani. Augustino akajizuia wakati wa mazishi yote, hata akaenda kuoga akitumaini kwamba maji yatampunguzia uchungu, yasimsaidie. Alipolala na kuamka, akiwa peke yake mbele za Mungu, ndipo alipoyaachia machozi, na akaandika kwamba anayemwona ametenda dhambi kwa kumlilia mama yake kwa sehemu ya saa asimcheke, bali amwombee. Ninapokumbuka jinsi watoto wa kiume wanavyoambiwa misibani kwetu kwamba mwanamume halii, namwona Adeodato akinyamazishwa.

“Kazi ya Mungu haina makosa”

Maneno haya ni ya kweli yakiwa ungamo la mfiwa mwenyewe. Yanageuka mwiba yanapotamkwa na mtu mwingine kwa haraka, mbele ya mama aliyemzika mtoto jana, kwa kusudi la kufunga mazungumzo. Ule mstari wa “BWANA alitoa, na BWANA ametwaa” ulitoka kinywani mwa Ayubu, aliyekuwa amewapoteza watoto kumi kwa siku moja, na aliusema baada ya kulirarua joho lake, kunyoa kichwa na kuanguka chini. Hakuna aliyemwambia auseme. Rafiki zake watatu walipofika waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo kumwambia neno, kwa sababu waliona kwamba huzuni yake ni kubwa mno. Hizo ndizo siku walizomfariji vema. Makosa yao yalianza walipofumbua vinywa kumweleza sababu za msiba wake, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao kwa kutosema yaliyo sawa, ilhali Ayubu, aliyelalamika na kuhoji kurasa nyingi, anahesabiwa kuwa amesema yaliyo sawa.

Zaburi nazo, ambazo ni 150, zina nyimbo nyingi za kulia na kumwuliza Mungu “hata lini.” Nyingi huanza kwa uchungu na kuishia kwa sifa. Zaburi ya 88 haifanyi hivyo. Mwimbaji anamlilia Mungu mchana na usiku, na wimbo unaishia gizani. Walioikusanya Zaburi hawakuiongezea mstari wa furaha, na makanisa yameisoma kwa karne zote hizo kama sala halali. Mfiwa asiyeweza kusema lolote la shukrani wiki hii anaweza kuisali ilivyo. Tukumbuke pia kwamba Paulo, katika 1 Wakorintho 15:26, anaiita mauti adui. Hakuna anayelazimishwa kumwita adui huyo rafiki ili aonekane ana imani.

“Yuko mahali pazuri, na tumaini letu ni hilo tu”

Wakristo hawakubaliani katika kila jambo kuhusu hali ya marehemu. Wakatoliki huwaombea waliofariki, Walutheri na wengine wengi humkabidhi marehemu mikononi mwa Mungu bila kuendelea na sala za namna hiyo, na Waadventista Wasabato hufundisha kwamba wafu wamelala hadi siku ya ufufuo. Juu ya ufufuo wenyewe wote ni wamoja. Tumaini analolieleza Paulo kwa Wathesalonike linahusu kufufuliwa kwa wafu na kukutana tena na Bwana pamoja na walio hai. Hata neno la Kigiriki ambalo Wakristo wa kale walilipendelea kwa makaburi, koimeterion, lina maana ya mahali pa kulala. Ndiyo sababu tunauosha mwili, tunauvika na kuushusha kaburini kwa heshima, kwa kuwa hatuuoni kama ganda lililotupwa. Na ndiyo sababu mfiwa anayesema “ninamkumbuka sauti yake, ninakumbuka mikono yake” hazungumzi mambo ya kimwili yasiyo na maana. Anataja kile ambacho Kanuni ya Imani inakiri kwamba kitafufuliwa.

“Kuna dhambi, au hakuombewa vya kutosha”

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Wengi wao walizikwa Igoma. Katika misiba mikubwa ya namna hiyo, kama katika midogo, hajakosa mtu wa kunong’ona kwamba lazima kulikuwa na jambo. Yesu alikutana na mnong’ono huo huo. Katika Luka 13 anawataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine wote waliokaa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kuhusu upungufu wa maombi, inatosha kukumbuka kwamba nabii Elisha alikufa kwa ugonjwa, na kwamba Paulo alimwacha mwenzake Trofimo katika mji wa Mileto akiwa mgonjwa. Kumwambia mjane kwamba angefunga siku nyingi zaidi mumewe angepona ni ukatili, hata ukisemwa kwa sauti ya upole na mkono ukiwa juu ya kichwa chake.

“Watoto waambiwe baba amesafiri”

Nia ni kuwalinda. Lakini mtoto mdogo huyachukua maneno jinsi yalivyo, naye humngoja msafiri, na asiporudi hujiuliza alimkosea nini hata asiagwe. Akija kuujua ukweli kwa mtoto mwenzake shuleni, anakuwa amempoteza baba na pia imani kwa waliomlea. Mwambie kwa maneno mepesi kwamba baba amekufa, kwamba mwili wake hausikii tena maumivu, kwamba hakuna alichofanya yeye kilichosababisha hayo, na kwamba tunamngoja Mungu atufufue. Mwache aulize, hata swali lile lile mara kumi, na mwache alie pamoja nanyi.

“Matanga yakishaanuliwa, mambo yamekwisha”

Hapa ndipo ninapoona tumaini letu likipungua kuliko mahali popote. Kwa siku tatu au nne nyumba imejaa watu. Baada ya hapo turubai linafunguliwa, viti vinarudishwa, wageni wanapanda mabasi, na wiki ya pili mjane anabaki na watoto, madeni ya hospitali na vyumba vilivyo kimya. Akionekana bado analia mwezi wa sita, anaambiwa ajikaze.

Watu wengine hutaja hatua tano za huzuni kana kwamba ni ngazi ya kupanda na kumaliza. Hatua hizo zilielezwa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross, kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe, na si kila mfiwa hupitia zote wala kwa mpangilio huo. Huzuni hurudi: siku ya kuzaliwa kwake, Krismasi, siku mtoto anapofaulu mtihani na hakuna wa kumpigia simu. Zipo hali zinazohitaji msaada zaidi ya ule wa majirani. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wa magonjwa ulioanza kutumika mwaka 2022, limetambua huzuni ya muda mrefu kuwa hali ya kitabibu pale uchungu mkali unapoendelea zaidi ya miezi sita, ukavuka desturi za jamii ya mfiwa na kumzuia kuishi. Kumpeleka mtu wa namna hiyo kwa mshauri nasaha au daktari hakupingani na maombi, kama vile kumpeleka aliyevunjika mguu hospitalini hakupingani nayo.

Lakini wengi hawahitaji daktari. Wanahitaji mtu anayekuja mwezi wa tatu. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, na vikundi vya nyumba kwa nyumba vya makanisa mengine, vina kila kinachohitajika kwa kazi hii: vinajua nyumba, vinajua majina ya watoto, vinakutana kila wiki. Mara nyingi nguvu zao zote huishia kwenye mazishi. Rambirambi hukusanywa, na sehemu kubwa huenda kwenye jeneza la kifahari, chakula cha mamia na fulana zenye picha ya marehemu, kisha muhula ukifunguliwa ada haipo. Ningependa kuona kamati za mazishi zikitenga, kabla ya kitu kingine chochote, fungu la mwaka wa kwanza wa wafiwa, na zikimsindikiza mjane pale shamba au nyumba inapoanza kugombaniwa na ndugu wa mume. Yakobo 1:27 inaiita dini iliyo safi kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, na ugomvi wa kwanza wa ndani ya kanisa la Yerusalemu unaosimuliwa katika Matendo 6 ulihusu wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakulipuuza jambo hilo, waliwaagiza waumini wachague watu saba.

“Usimtaje marehemu, utamtonesha”

Kidonda cha mfiwa hakijafunga hata tukinyamaza. Kinachobadilika ni kwamba anakiuguza peke yake. Wafiwa wengi husema kwamba kilichowaumiza ni kuona jina la mtu wao limeacha kutamkwa, kana kwamba hakuwahi kuwepo. Katika Matendo 9, Dorkasi alipokufa huko Yafa, wajane wote walisimama karibu na Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao. Hawakuwa na hotuba. Walikuwa na nguo mikononi, kila moja na habari zake, na Petro alifika, akasimama, akaonyeshwa. Ukienda mwezi wa tatu kumwona mama aliyefiwa, muulize kuhusu mumewe: walikutana wapi, alipenda wimbo gani, alicheka vipi. Huenda akalia. Huenda pia akainuka, akaingia chumbani na kurudi na shati.