Chuma kilichoyeyushwa upya si chuma dhaifu

Imani hii ni ya miaka mingi: nondo iliyotokana na chuma chakavu haina nguvu kama iliyotokana na madini moja kwa moja. Si kweli.

Chuma kikishayeyuka, kwenye nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, hakibaki na kumbukumbu ya kuwa kilikuwa gari au reli. Nguvu yake huamuliwa na kemia, na namna kinavyopozwa na kufinyangwa. Katika tanuri la umeme, ambamo chakavu huyeyushwa, oksijeni hupulizwa ndani na chokaa hutiwa. Fosforasi huhamia kwenye povu la taka linaloelea juu, kisha povu hilo humwagwa. Sampuli ndogo huchotwa na kupimwa maabara kabla chuma hakijamiminwa. Isitoshe, hata viwanda vinavyotumia madini huchanganya chakavu ili kupunguza joto la tanuri ambamo oksijeni hupulizwa kwenye chuma kilichoyeyuka. Marekani, takriban asilimia 70 ya chuma hutoka kwenye matanuri ya umeme.

Tatizo la kweli ni shaba. Waya na mota zikiingia tanurini, shaba haitoki tena kwa njia za kawaida, na ikizidi, chuma hupasuka usoni kinapofinyangwa kikiwa moto. Hapo kosa ni la uchambuzi wa chakavu. Kiwanda makini huchomoa waya na mota mapema au hupunguza kiwango cha shaba kwa kuongeza chuma safi cha madini. Kwa hiyo mnunuzi aulize cheti cha vipimo cha nondo, asiulize ilizaliwa wapi.